Ukimtoa msimulizi, Narnia inabaki na nini? Namna vitabu vya watoto vinavyogeuzwa kuwa muvi

Kila muvi ya kitabu cha watoto ikitoka watu wanaanza kuhesabu, hiki wamekata, kile wameongeza, yule kwenye kitabu alikuwa na nywele nyeusi mbona huku zimekuwa za njano. Mi kazi yangu ni kuhariri skripti, nimekaa na waandishi wengi wanaogeuza riwaya kuwa tamthilia, na huwa nawaambia hiyo hesabu haitatufikisha popote kwa sababu muvi yoyote lazima ikate, hakuna namna. Kitu kinachopotea cha kwanza kabisa, na ambacho hakimo kwenye hesabu za watu, ni yule anayesimulia. Leo nataka nilieleze hili kwa kutumia Narnia, navipenda hivyo vitabu kuliko ninavyoweza kusema na muvi zake tatu zimelikabili tatizo hilohilo kila moja kwa njia yake.

Kwa ambaye hajasoma: C.S. Lewis alikuwa mwalimu wa fasihi pale Oxford, akatoa vitabu saba, kimoja kila mwaka kuanzia 1950 mpaka 1956. Kwenye cha kwanza, The Lion, the Witch and the Wardrobe, kuna ndugu wanne, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wametolewa London kwa ajili ya mabomu ya Vita vya Pili wakapelekwa mashambani kwa profesa mmoja mzee, na yule mdogo wao, Lucy, anaingia kwenye kabati la nguo anajikuta katokea kwenye msitu wa theluji, nguzo ya taa inawaka katikati ya miti. Huko anatawala Mchawi Mweupe, baridi siku zote na Krismasi haifiki, na kuna simba Aslan ambaye ndo roho ya vitabu vyote saba, Lewis alikuwa Mkristo kweli kweli na Aslan anakufa badala ya Edmund aliyewasaliti ndugu zake, halafu anafufuka.

Sasa ukikisoma chenyewe utagundua kuna mtu mwingine yupo humo ndani. Lewis anasimulia kwa mdomo, anakatiza hadithi anakuambia wewe msomaji jambo, anarudi. Anakuonya kwamba ni ujinga mkubwa kujifungia kabatini, na analirudia onyo lenyewe mpaka mtoto anaanza kulisubiri. Sisi tuliokuzwa na bibi anayesema paukwa tukamjibu pakawa tunamjua mtu huyu vizuri, ndo yule ambaye likitajwa zimwi hukuogopa sana kwa sababu bibi mwenyewe yupo hapo na sauti yake ni ileile ya jana.

Angalia pale watoto wanapolisikia jina la Aslan kwa mara ya kwanza, wanaambiwa na Bwana Beaver, mmoja wa wanyama wanaoongea wa Narnia. Hakuna anayejua ni nani, lakini kila mmoja anahisi kitu: Edmund anashikwa na hofu asiyoielewa, Peter anajisikia shujaa, kwa Susan ni kama harufu nzuri imepita au muziki mtamu, Lucy anajisikia kama umeamka asubuhi ukakumbuka leo ndo likizo inaanza. Aya moja tu, lakini imekutambulisha kwa watoto wote wanne na imekufanya umsubiri huyo simba kwa hamu wakati bado kurasa nyingi kabla hajatokea. We nipe kamera uniambie unaipigaje hiyo aya, utapiga nyuso nne zimeshangaa, basi.

Na ule usiku Aslan ameuawa kwenye Meza ya Jiwe, Susan na Lucy wamebaki na maiti yake, Lewis haendelei na hadithi. Anakugeukia wewe. Anasema kama umewahi kulia usiku kucha mpaka machozi yakakauka basi unajua kwamba mwishoni kuna utulivu fulani unakuja, unaona kama hakuna kitu kitakachotokea tena duniani. Lewis alifiwa na mama yake akiwa na miaka tisa. Ukilijua hilo unaona wazi anaongea na mtoto gani, na kwa nini hamdanganyi.

Yeye mwenyewe alikuwa na wasiwasi na picha. Desemba 1959 alimwandikia Lance Sieveking, prodyuza wa BBC aliyekuwa ameipeleka hadithi redioni, akamwambia redio haina shida ila kuonekana hapana, kwa sababu wanyama wanaoongea ukiwatoa kwenye masimulizi ukawaweka mbele ya macho wanageuka kichekesho au jinamizi, na Aslan wa kuigizwa na mtu kwake ni kufuru. Katuni aliiona kama jambo jingine, labda. BBC walikuja kuitengeneza kwa televisheni mwaka 1988, zamani Lewis ameshafariki (alifariki Novemba 1963), Aslan akawa simba wa kutengenezwa na watu wako ndani wanamwendesha, na japo kuna watu wanaipenda mpaka leo, ukiitazama unaelewa mzee alikuwa anaogopa nini.

Mwaka 2005 kompyuta zikawa zimeliweza hilo. Walden Media na Disney wakatoa muvi ya kwanza, dairekta Andrew Adamson, raia wa New Zealand aliyekuwa ametoka kutengeneza Shrek mbili, Aslan akachorwa kwa kompyuta manyoya yote na sauti akapewa Liam Neeson. Douglas Gresham, mtoto wa kambo wa Lewis, alikuwa humo kama prodyuza mwenza. Ila kompyuta ilitibu lile la macho peke yake, la msimulizi lilikuwa bado liko palepale na hakuna programu ya kulitibu.

Adamson alieleza kwamba alitaka kutengeneza muvi ya kile anachokikumbuka tangu alipokisoma akiwa mtoto, maana alipokirudia ukubwani alikikuta kidogo kuliko alivyokuwa anakikumbuka. Hapa ndo naona akili kubwa. Mfano vita vya mwisho: kwenye kitabu Lucy na Susan hawapo, wako na Aslan kwenye ngome ya Mchawi wanawafufua waliogeuzwa mawe, wakifika vitani vinakaribia kuisha, na habari kwamba Edmund ndiye aliyeivunja fimbo ya Mchawi tunaipata kwa mdomo wa Peter baadaye. Kwa msomaji mdogo inatosha kabisa, kichwa chake kinajaza chenyewe. Muvi ikapeleka farasi na majeshi Flock Hill kule New Zealand na kuionyesha vita yote, na sidhani kama imemsaliti Lewis, imeonyesha kile ambacho mtoto alikuwa ameshakichora kichwani kwake.

Jingine ni mwanzo wenyewe. Kitabu kinasema kwa sentensi moja kwamba watoto waliondolewa London kwa sababu ya mashambulizi ya ndege, kinasonga mbele. Muvi inaanza na ndege zenyewe za Wajerumani usiku, mama anawakimbiza watoto kwenye handaki, Edmund anarudi mbio ndani ya nyumba kuchukua picha ya baba yake aliye vitani na Peter anamfokea kwa kuwahatarisha wote. Hii sini haipo kabisa kwenye kitabu lakini ni sini ya kitaalamu sana. Kwenye kitabu Lewis ndiye anayekuambia Edmund yukoje, kwamba ana kinyongo, kwamba ndani ya moyo wake anajua anafanya vibaya. Msimulizi akiondoka nani atakuambia? Waandishi (Ann Peacock, Adamson mwenyewe, na Christopher Markus na Stephen McFeely ambao baadaye waliandika muvi za Captain America) wakampa kijana picha ya baba na kaka anayefoka, na ukifika kwenye usaliti wake huhitaji mtu wa kukuelezea. Kitu alichokuwa anakisema msimulizi kimegeuka kitendo, na mi nikiwa na skripti mkononi hicho ndo ninachokitafuta kabla ya kingine chochote.

Na kuna Lucy. Georgie Henley alikuwa mtoto mdogo hajawahi kuigiza muvi, Adamson akamficha ule msitu wa theluji waliokuwa wameujenga studio, siku ya kupiga wakamwingiza amezibwa macho, na ule mshangao unaouona usoni kwake ni wa kweli, anauona msitu kwa mara ya kwanza pamoja na wewe. Pia walijitahidi kupiga sini kwa mpangilio wa hadithi, kitu kinachokula pesa maana kawaida unapiga kwa kufuata lokesheni, ila ukiwa na watoto unawaacha wakue ndani ya hadithi. Ukiiangalia muvi nzima kwa jicho hilo utaona kwamba nafasi ya msimulizi amekalia Lucy. Tunaona anachoona. Akiamini tunaamini. Muvi iliingiza kama dola milioni 745 kwa bajeti ya milioni 180 hivi, ikachukua Oscar ya vipodozi, na mi nasema siri yake kubwa ni huyo mtoto wala siyo simba.

(Ile sini ya mto wa barafu unaopasuka na maporomoko, ile wameiongeza tu ili watu washike viti. Siipendi, haina uhusiano na yeyote.)

Pati ya pili, Prince Caspian, 2008, wakapoteza kila kitu nilichokieleza hapo juu, na inaniuma kwa sababu timu ilikuwa karibu ileile. Kitabu chenyewe kina muundo mgumu, nakubali: watoto wanarudi Narnia wanakuta imepita miaka zaidi ya elfu moja, ngome yao imekuwa magofu, halafu kibeti Trumpkin anakaa chini anawasimulia habari za Caspian, mwanamfalme anayemkimbia ami yake Miraz aliyenyakua ufalme, kwa sura kadhaa mfululizo, yaani hadithi ndani ya hadithi. Muvi haiwezi kukaa hivyo, wakainyoosha ikaanza na Caspian mwenyewe anakimbia usiku. Hilo sawa, hata mi ningefanya. Tatizo ni walichokitumia kujaza. Wakaleta ugomvi wa Peter na Caspian kugombania nani mkubwa, wakaleta uvamizi wa usiku kwenye ngome ya Miraz ambao kitabuni haupo, wakaleta busu la Susan na Caspian.

Na walichokikata ndo kilikuwa kitabu. Katikati ya kile kitabu Lucy anamwona Aslan na wenzake hawamwoni, hawamwamini, wanapiga kura wanaenda njia nyingine na inakuwa mbaya. Usiku Aslan anamwamsha na kumwambia awaambie wenzake wamfuate hata wasipomwona, na wanamfuata wakiwa wamenuna, gizani, kwenye genge, na kadiri wanavyotembea mmoja mmoja anaanza kumwona, Edmund kwanza kabisa, Susan na Trumpkin mwisho. Hii inapigika! Haihitaji msimulizi hata kidogo, ni watu wanatembea na mbaramwezi, na kila mwenye macho mapya kamera inamgeukia. Muvi ikambakisha Lucy peke yake juu ya farasi anamkuta simba msituni dakika za mwisho wakati wengine wanapigana, ule mwendo wa pamoja haupo. Wakawa na jicho la Lucy mkononi tangu pati ya kwanza na wakaliweka pembeni ili nafasi ijae mapanga.

Tarehe nazo ziliumiza, ile ya kwanza ilitoka Desemba, ya Krismasi, hii wakaiweka Mei 2008 katikati ya Iron Man na Indiana Jones. Bajeti ikapanda kufika kama milioni 225, mapato yakashuka mpaka 419 hivi, na Desemba ya mwaka huohuo Disney wakajitoa. Fox wakaingia.

Pati ya tatu, The Voyage of the Dawn Treader, 2010, dairekta Michael Apted, iliniachia hisia mchanganyiko. Kitabu ni safari ya meli, kisiwa baada ya kisiwa, na kila kisiwa kina kisa chake, hakuna adui mmoja wa kumkimbiza, kinachounganisha visa ni sauti ya Lewis tu. Studio wakaogopa, wakatengeneza ukungu wa kijani unaokula watu na panga saba za kukusanywa ziwekwe kwenye meza ya Aslan, kama mchezo wa kompyuta, unamaliza hatua unapata upanga. Waandishi wa skripti tunaujua huu ugonjwa, ukikosa uzi unanunua uzi wa dukani.

Lakini walimpata Will Poulter akamcheza Eustace, binamu mtoto mkorofi, na kwa kutumia shajara yake (ambayo ipo hata kitabuni) wakarudisha sauti ya kusimulia ndani ya muvi, unamsikia anavyojiona yeye ndo mwenye akili na wengine wote wajinga wakati picha inakuonyesha kinyume. Vile vipande ndo vizuri kuliko vyote. Halafu wakafika kwenye sini kubwa wakaiharakisha. Eustace amegeuka joka, kwenye kitabu anamsimulia Edmund namna alivyojaribu kujichuna ngozi mwenyewe mara tatu na kila akitoa moja anakuta nyingine chini yake, mpaka simba alipomwambia umniachie mimi, na kucha ya kwanza ikaingia kwa kina mpaka akadhani imefika moyoni. Kwenye muvi Aslan anakwaruza mchanga kwa mbali na joka linachanika lenyewe hewani. Hakumgusa. Maana yote ya kile kisa ni kuguswa, sasa umebakiza nini?

Tena hii ilitakiwa ibaki masimulizi, kijana anamwambia kijana mwenzake asubuhi na mapema, mara nyingine uso wa mtu anayesimulia una nguvu kuliko kitu anachokisimulia. Mwenye kushangaa kwamba msimulizi anaweza kuwekwa kwenye skrini aangalie ile tamthilia ya Netflix ya A Series of Unfortunate Events, 2017 mpaka 2019, Patrick Warburton anacheza Lemony Snicket mwenyewe, msimulizi wa vitabu ilikotoka tamthilia hiyo, anaingia katikati ya sini amevaa suti anaongea na mtazamaji na watoto hawamwoni, anakushauri uache kuangalia. Muvi ya 2004 ilikuwa na Snicket pia, kivuli na sauti ya Jude Law, lakini ilibana vitabu vitatu kwa mpigo na Jim Carrey akachukua hewa yote.

Watu huniuliza mbona Harry Potter waliweza muvi nane bila kukatika, kuanzia 2001 mpaka 2011. Sehemu ya jibu ni kwamba Rowling anasimulia akiwa nyuma ya bega la Harry karibu muda wote, msimulizi wake tayari amekaa mahali ambapo kamera inaweza kukaa. Halafu kuna shule moja, adui mmoja, watoto walewale kila mwaka, prodyuza mmoja David Heyman mwanzo mwisho, na Steve Kloves aliandika skripti saba kati ya nane. Narnia inakunyima vyote hivyo. Mwisho wa Prince Caspian Peter na Susan wanaambiwa hawatarudi tena, mwisho wa Dawn Treader ni zamu ya Edmund na Lucy, yaani ukishampenda muigizaji kitabu kinamwondoa. Ya nne, The Silver Chair, ilizungumzwa miaka mingi, mpaka ikapata dairekta, Joe Johnston, mwaka 2017, na haikupigwa.

Mwaka 2018 Netflix wakasaini mkataba na kampuni inayomiliki kazi za Lewis kwa vitabu vyote saba, na aliyepewa ni Greta Gerwig, yule wa Barbie ya 2023, anaanza na The Magician's Nephew. Hicho ni cha sita kutoka lakini matukio yake ni ya kwanza, London ya miaka ya 1900, mtoto Digory na jirani yake Polly, pete za uchawi za mjomba Andrew, na Aslan anaiumba Narnia kwa kuimba. Kwa msomaji raha yake moja kubwa ni kugundua ile nguzo ya taa ilitokea wapi na lile kabati ni la mti gani, na Digory ndiye nani uzeeni, na raha hiyo unaipata kama umeshapita kabatini na Lucy. Ukianza nacho unatoa majibu kabla mtu hajauliza, na hapo Gerwig atalazimika kutafuta kitu kingine cha kuibeba muvi.

Mi naamini anacho. Mama yake Digory anaumwa anakaribia kufa, na mtoto anasimama mbele ya Aslan kuomba dawa, macho yameangalia chini kwenye miguu mikubwa ya simba na kucha zake, halafu kwa kukata tamaa anainua uso, anakuta simba ameinama na ana machozi makubwa kuliko yake, kiasi kwamba kwa sekunde anahisi huyu ameumia kwa ajili ya mama kuliko hata yeye mwanaye. Huyu aliyeandika alikuwa na miaka tisa mama alipokufa. Hapo kila kitu kinaonekana kwa macho, miguu, kucha, uso wa mtoto, uso wa simba, shoti nne au tano na hakuna wa kukuelezea, na kama nikiingia kutazama nikakuta wamemuongezea Aslan mstari wa kuongea kabla Digory hajainua kichwa nitajua hawakukisoma walichokuwa nacho mkononi.